Feni isiyozima: kisa cha mosfeti kwenye banda la kuku

Feni ilikuwa haizimi. Programu inasema zima, pini ya Arduino Nano, kompyuta ndogo inayoendesha mfumo, inasoma sifuri, taa ndogo ya kwenye moduli, kile kibao cha kuiwasha feni, imezimika, lakini feni inavuma usiku kucha mpaka betri inakata roho. Taa za bandani nazo zilikuwa zinawaka kinyonge, na moduli ya taa ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Mwenye banda, mama mmoja anayefuga kuku wa mayai nje kidogo ya Kibaha, alikuwa ameshabadilishiwa moduli ya feni na fundi aliyemfungia mfumo, na mpya nayo ikaishia hivyo hivyo.

"Fundi, mimi sitaki kufundishwa umeme," aliniambia baada ya salamu. "Nataka usiku kuku walale, na asubuhi niikute betri ina moto."

Ombi la haki kabisa. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu moduli iliyohusika imejaa madukani, na kwa wengi wanaoanza kucheza na Arduino ndiyo ya kwanza kuishika: kibao kidogo chenye mosfeti moja ya IRF520 (mosfeti ni transista inayotumika kama swichi), viunganishi vya skrubu kwa nyaya nene, na pini tatu zilizoandikwa SIG (ishara), VCC (chanya) na GND (hasi). Wauzaji huitangaza kwa volti 24 na ampea 5. Ukiisoma hivyo unadhani umepata swichi ya kuendesha karibu kila kitu cha volti 12, kumbe umepata transista ambayo kwa volti 5 za Nano inafanya kazi nusunusu.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Paneli ya sola, betri ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa), chaji kontrola ya bei nafuu, Nano inayolishwa volti 5 kutoka kwenye kibao cha kushusha umeme cha LM2596, saa ya DS3231 na sensa ya joto ya DS18B20. Mizigo miwili: mkanda wa LED wa mita 5, unaokula ampea 2 ukipata volti 12 kamili, na feni ya rejeta ya gari, mtumba wa gereji, isiyo na kibandiko chochote cha kuonyesha inakula kiasi gani.

Kwa nini mosfeti na si relei, ile swichi inayovutwa kwa sumaku? Kwa taa kuna sababu nzuri. Kuku wa mayai wanahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili watage vizuri, na jua letu hutoa kama saa 12. Zinazobaki unaziongeza kwa taa: hapa zilikuwa zinawaka kuanzia saa 10 alfajiri hadi kupambazuke, halafu tena kuanzia magharibi hadi saa 2 usiku. Ukizima taa ghafla usiku, kuku waliokuwa sakafuni hawaoni pa kurukia, wanabaki chini na kulundikana pembeni. Kwa hiyo mwanga unatakiwa upungue polepole kwa muda wa kama nusu saa, wapande vichanjani wenyewe. Kupunguza mwanga wa LED kwa PWM, yaani kuwasha na kuzima mara mamia kwa sekunde, ni kazi ya mosfeti. Relei haiwezi.

Kwa feni sababu ilikuwa dhaifu zaidi: fundi wa kwanza alitaka iende polepole joto likiwa la wastani na kwa kasi likizidi. Wazo si baya. Lilivyotekelezwa ndipo palipoharibika.

Mosfeti iliyokufa huku imeunganisha

Nilianza kwa kuchomoa waya wa SIG kwenye moduli ya feni. Feni haikujali. Nikakata umeme, nikaifungua moduli, nikaweka mita kati ya dreni na sosi, miguu miwili ya mosfeti ambayo mkondo wa mzigo unapita: karibu omu sifuri, na nilipogeuza waya za mita, vilevile. Mosfeti ilikuwa imepiga shoti.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Tumezoea kitu kikiungua kinakatika: balbu ikiungua inazima, fyuzi ikiungua inakata. Mosfeti iliyozidiwa mara nyingi hufa kinyume chake, inabaki imeunganisha moja kwa moja. Ile taa ndogo kwenye kibao iko upande wa ishara, inakuonyesha tu kwamba ishara imefika kwenye SIG. Inaweza kuzimika kwa adabu zote huku ampea 7 zinapita pembeni yake.

Kubadilisha moduli bila kujua iliyotangulia ilikufaje ni kununua kifo kingine, na ndicho kilichokuwa kimetokea. Feni niliiacha kwanza nikaenda kwenye taa, kwa sababu moduli ya taa ilikuwa bado hai na mgonjwa aliye hai unaweza kumpima.

Nikaweka taa kwenye mwanga kamili, pini ya Nano ikitoa volti 5 bila PWM. Betri ilisoma volti 12.3. Kwenye ncha za mkanda zilifika volti 11.1. Kati ya dreni na sosi kulikuwa na volti 1.2 zimepotea, na mkondo ulikuwa ampea 1.5 badala ya 2. Zidisha: wati 1.8 zinageuka joto ndani ya kipande kisicho na hiti sinki, yaani bati la kukipoza. Umbo lile la TO-220 likiwa peke yake hewani hupanda joto kama nyuzi 62 kwa kila wati. Kwa hiyo ndani ya transista kulikuwa na nyongeza ya nyuzi zaidi ya 110 juu ya joto la banda. Mwisho wake kwa karatasi ya mtengenezaji ni nyuzi 175. Ilikuwa inaishi, ila kwa taabu, na mvuke wa mbolea ya kuku haumsaidii mtu yeyote.

Chanzo ni geti, mguu wa tatu unaopokea ishara. Mosfeti haina hali mbili tu za wazi na fungwa kama swichi ya ukutani. Ni kama bomba, na volti za geti ndizo mkono unaolifungua. Karatasi ya IRF520 inasema inaanza kufunguka geti ikiwa kati ya volti 2 na 4. Anayesoma hapo anashangilia: nina volti 5, nimevuka! Lakini kwenye mstari huohuo, kwa maandishi madogo, kipimo hicho kimechukuliwa mkondo ukiwa maikroampea 250. Yaani robo ya miliampea. Hapo ndipo mlango unapoanza kulia, haujafunguka. Namba ya kuangalia ni ukinzani wa dreni na sosi ikiwa imefunguka, na kwa IRF520 wanaahidi usiozidi omu 0.27 kwa sharti la geti kupata volti 10. Kwa volti 5 hawaahidi kitu. Vipimo vyangu vya taa vinatoa omu 0.8, mara tatu. Anayetumia ESP32, kompyuta ndogo nyingine yenye volti 3.3, ana hali mbaya zaidi, anaweza kukuta mkanda unamulika kama kimulimuli na feni haigeuki hata kidogo.

Sasa rudi kwenye feni. Nilipoiunganisha moja kwa moja na betri, mita ya kubana ilisoma ampea 7.5 ikiwa imeshika kasi, na ilipokuwa inaanza sindano, au tuseme tarakimu, zilipita 20 kwa kufumba na kufumbua. Mota iliyosimama haina kinachoupinga mkondo zaidi ya ukinzani wa waya wake, na waya wa mota ya rejeta ni mnene. Hata tungempa IRF520 volti 10 za geti alizozitaka, ampea 7.5 kwa ukinzani wa omu 0.27 ni zaidi ya wati 15. Bila hiti sinki kubwa hiyo ni sekunde, si saa. Kwa volti 5 haikuwa na nafasi.

Na kulikuwa na muuaji wa pili amekaa palepale. Mota ni koili. Ukikata mkondo wa koili ghafla, koili inang'ang'ania kuuendeleza, na volti kwenye dreni zinaruka juu mpaka zipate pa kutokea. Kwenye moduli hii hakuna diodi ya kuupa mkondo ule njia ya kurudi. Njia pekee inayobaki ni kuivunja mosfeti kwa volti, na IRF520 ni ya volti 100, kwa hiyo kila pigo lilikuwa linapanda hadi huko. Pigo moja inalistahimili. Lakini PWM ya Nano kwenye pini nyingi ni mapigo 490 kwa sekunde. Tuchukulie koili ya mota ina milihenri 0.2 tu: nishati ya kila pigo kwa ampea 8 ni kama milijuli 6, na mara 490 unapata wati 3 za ziada, juu ya zile za ukinzani. Ndiyo maana moduli ya pili haikudumu. Mwenye banda alidhani ameuziwa feki. Inawezekana pia, soko tunalijua, lakini hata halisi kutoka kiwandani ingekufa.

Betri iliyoshuka chini ya kinga yake

Kilichonisumbua zaidi hakikuwa hicho. Chaji kontrola ina kinga ya betri: ikishuka hadi volti 10.7 inakata mzigo. Sasa inakuwaje mama anaamka anakuta betri ina volti 9.6? Feni isiyozima ingepaswa kukatwa na kontrola usiku wa manane, betri ibaki na akiba yake.

Jibu lilikuwa kwenye kiwaya chembamba. Zile jampa za rangirangi zilizotoka GND ya moduli kwenda Nano, plastiki yake ilikuwa imesinyaa na kugeuka kahawia, tena kwa urefu wote, si kwenye ncha tu. Jampa ya ishara haipitishi mkondo wa kuipasha hata kidogo. Kama imeiva urefu wote, kuna mkondo mkubwa umepita humo.

Kontrola nyingi za bei hii zimeunganisha chanya zote pamoja: chanya ya paneli, ya betri na ya mzigo ni shaba moja ndani. Wanachokikata ni hasi. Unaweza kulithibitisha kwa mita kabla hujafunga chochote: ikilia kati ya chanya ya betri na chanya ya mzigo, basi hasi ya mzigo si hasi ya betri, hata kama kwa volti zinafanana mchana kutwa. Fundi wa kwanza alichukua umeme wa feni na taa kutoka kwenye skrubu za mzigo, jambo ambalo hata mchoro wa kontrola unakuelekeza. Nano akailisha kutoka kwenye betri moja kwa moja ili saa na programu zisizimike mzigo ukikatwa. Nalo lina akili. Kila uamuzi peke yake ni sahihi. Tatizo ni moduli inayoviunganisha, kwa sababu kwenye IRF520 ile, GND ya pini za ishara na hasi ya skrubu ni kitu kimoja.

Kwa hiyo kontrola ilipokata hasi ya mzigo, mkondo wa feni ulitafuta njia nyingine: ukapita kwenye mosfeti, ukaingia pini ya GND, ukapanda jampa, ukapita kwenye Nano, ukavuka LM2596 na kutua kwenye hasi ya betri. Kontrola ikionyesha mzigo umezimwa, feni inaendelea. Hata kabla ya kukata, sehemu ya mkondo ilikuwa inapita njia hiyo ya panya. Nano kunusurika ni bahati tu, na nisingeshauri mtu aitegemee.

Nikimpangia mtu lawama hapa, ningeanza na anayeuza kontrola bila kuandika kwenye boksi kwamba hasi ndiyo inayokatwa. Neno moja lingetosha.

Nilichofunga

Niliacha kabisa skrubu za mzigo za kontrola. Kontrola sasa inachaji betri tu. Hasi zote, ya Nano, ya moduli za taa na feni, zinakutana sehemu moja kwenye kipande cha shaba karibu na betri, kila moja kwa waya wake, ili mkondo wa feni usipite kwenye waya wa mwingine. Chanya ya kila mzigo ina fyuzi yake palepale kwenye betri: ampea 15 ya feni, inayovumilia mruko wa kuanza, na ampea 5 ya taa. Waya wa feni uliokuwa wa milimita za mraba 1.5 niliutoa. Kwa mita 6 kwenda na 6 kurudi ulikuwa unapoteza volti 1 nzima kabla ya kufika kwenye mota. Wa 4 unapoteza kama 0.4.

Kinga ya betri ikahamia kwenye programu. Vikinzani viwili, kiloomu 30 na 10, vinaishusha volteji ya betri hadi robo yake, Nano inasoma. Ikishuka chini ya volti 11.8 feni inazimwa, ikishuka chini ya 11.5 taa zinafifia kwa dakika chache halafu zinazima. Kukata mapema kuliko kontrola ni makusudi, betri za risasi hazipendi kulala tupu.

Moduli mpya ni zile ndogo zenye mosfeti mbili za D4184 sambamba. Kwa nini hizo: karatasi yake inataja ukinzani geti ikiwa na volti 4.5, wala si 10, na unabaki kuwa kama miliomu 10 kwa kila moja. Hicho ndicho cha kutafuta unapochagua, iwe D4184, IRLZ44N au nyingine: je, mtengenezaji ameahidi ukinzani kwa volti ambazo kidhibiti chako kinaweza kutoa? Asipoitaja, chukulia hakuna. Kabla ya kulipa nilisoma maandishi ya juu ya vipande vyenyewe dukani kwa kioo cha kukuzia. Kibao cha sura ileile kinaweza kuja na transista nyingine.

Feni ikiwa imeshika kasi, mita sasa inasoma milivolti 45 kati ya dreni na sosi. Ni theluthi moja ya wati. Ukigusa kibao hujui kama kinafanya kazi. Mkanda wa LED unapata volti 12.1, na mama aliuona mwanga umeongezeka kabla sijamwambia kitu.

Sambamba na mota nilifunga diodi ya 1N5408, upande wenye mstari ukielekea chanya. Na PWM ya feni nikaiondoa: inawaka joto likifika nyuzi 31, inazima likishuka hadi 28, basi. Kwa taa PWM imebaki, ila nilibadilisha hesabu ya kufifisha. Ukipunguza hatua kwa hatua sawa kutoka 255 (mwanga kamili) hadi 0, jicho linaona mwanga haubadiliki kwa muda mrefu halafu unadondoka ghafla mwishoni, na kuku wanashtuka palepale ulipotaka watulie. Ukikokotoa mraba wa muda uliobaki, mwanga unashuka kwa ulaini, na sehemu ya mwisho, iliyo muhimu kwao, inachukua muda mrefu zaidi.

Likabaki swali la mwanzo: mosfeti mpya nayo ikipiga shoti? Programu haitaweza kuzima, na fyuzi ya ampea 15 haitakatwa na ampea 7.5. Kwa saa 12 ni Ah 90, betri karibu yote. Kwa hiyo kutoka kwenye hasi ya feni, pale inapoingia kwenye dreni, nilivuta waya mwingine wenye vikinzani vya 30 na 10 hadi Nano. Feni ikiwa imezimwa, sehemu ile inatakiwa isome karibu volti za betri, maana mota yenyewe inaivuta juu. Ikisoma karibu sifuri wakati programu imezima, mosfeti imeshikamana, na baza, king'ora kidogo, inalia. Kuna mtego mmoja: feni ikizimwa inaendelea kuzunguka kwa kasi yake, na mota inayozunguka inazalisha umeme unaoivuta sehemu hiyo chini. Ukipima mara moja utapiga kelele za bure kila inapozima. Programu inasubiri sekunde 20, mapanga yasimame, ndipo inasoma. Baza ikilia, kuna swichi ya ukutani ya kukata chanya ya feni kwa mkono, karibu na mlango, ambayo hata kijana wa kulisha kuku anaifahamu.

Tulijaribu kwa kufunga waya mfupi kati ya dreni na sosi makusudi. Baza ikalia, kuku wakapiga kelele kuizidi.

Baadaye mama aliniuliza kama feni inaweza kwenda polepole usiku, kwa sababu kelele yake inafika hadi chumbani. Inaweza, lakini si kwa vifaa vilivyopo. Ile 1N5408 ni ya ampea 3 na ni ya mwendo wa pole. Kwa kuzima mara moja moja inatosha, kwa mapigo 490 kila sekunde mkondo wa mota utakuwa unapita humo karibu muda wote PWM ikiwa chini, na itaiva. Itabidi diodi ya Schottky ya ampea 10 au zaidi, zile za miguu mitatu zinazopatikana kwenye pawasaplai za kompyuta mbovu, iliyofungwa kwenye kipande cha alumini. Kapasita kubwa nayo karibu na moduli, ili mapigo yasisafiri hadi kwenye Nano. Na ile hesabu ya baza ibadilishwe, kwa sababu chini ya PWM dreni inapanda na kushuka muda wote. Nilimwandikia vifaa hivyo kwenye karatasi. Kwa sasa ameamua kuvumilia kelele.